SABABU IKO WAPI, TOKEO LIKO WAPI?

  Kwa kawaida sehemu hii ya jarida letu huwa ya ngeli, misemo na methali. Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama ameniomba niandike juu ya viunganishi vya sababu na matokeo, na tena si vya Kiswahili peke yake bali na vya Kiingereza pia. Najua wapo watakaonuna. "Chama cha Kiswahili, halafu mnatuletea Kiingereza?" Tafadhali msifunge jarida kwanza. Kosa lililoniponza mimi lilionekana katika Kiingereza, lakini lilizaliwa katika Kiswahili changu, tena Kiswahili kisichokuwa na kosa lolote. Hilo ndilo lililonishangaza, na ndilo nitakaloeleza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba yangu ni mkata miwa. Mwaka juzi, nikiwa Kidato cha Pili, panga liliteleza likamkata mguu chini kidogo ya goti. Jeraha likaingia uchafu, akalazwa majuma sita, na alipotoka hakuweza kusimama kutwa shambani kama zamani. Mama ndiye aliyebaki akihangaika na mboga sokoni. Muhula ule nilitumwa nyumbani kuleta karo mara tatu. Ukijumlisha, nilikosa masomo majuma matano mazima. Mtihani ulipokuja, mimi niliyekuwa wa 4 darasani nikawa wa 31.

Basi tukasikia kuna fomu za basari. Nikaenda kuchukua moja, nikaijaza mwenyewe usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, maana nilijiona mimi ndiye msomi wa nyumba. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mahali pa kueleza shida yako palikuwa na mistari sita tu. Nami nikaandika, pamoja na mengine, sentensi hizi mbili: "My father cut his leg so that he cannot work." Na ya pili: "I was sent home many times, because I dropped from number 4 to number 31."

Nilizisoma mara mbili, nikaridhika. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: baba alijikata mguu hivi kwamba hawezi kufanya kazi, na nilitumwa nyumbani mara nyingi, ndiyo sababu nilianguka kutoka nafasi ya 4 hadi ya 31. Sasa niambie, mwanachama mwenzangu, hapo Kiswahili kina ila gani?

Majina yaliposomwa, langu halikuwemo. Mama akafunga leso akaenda kuuliza. Mzee mmoja wa ile kamati alimpokea vizuri, akaitafuta fomu yangu, akamwambia: "Mama, kijana wako ameandika kwamba baba yake alijikata mguu kusudi asifanye kazi. Halafu ameandika kwamba yeye alirudishwa nyumbani kwa kuanguka mtihani. Sasa sisi hapo tungesaidia nini?"

Mama hasomi Kiingereza. Alirudi jioni, akaweka kapu chini, akaniuliza bila hasira: "Mwanangu, kwa nini uliandika kwamba baba yako ni mvivu?" Baba alikuwa amekaa pale pale, mguu umenyoshwa juu ya kigoda. Hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mlezi na nakala ya yale niliyoandika. Sikwenda kwa mwalimu wa Kiingereza kwa sababu, kusema kweli, niliona haya. Mwalimu alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akachukua chaki akaandika ubaoni:

Nilitumwa nyumbani kwa sababu nilianguka mtihani.

Nilitumwa nyumbani, ndiyo sababu nilianguka mtihani.

Akaniuliza: "Katika sentensi hizi, ni kipi kilichozaa kingine?" Nikatazama. Maneno ni yale yale, yamepangwa vile vile. Yamepishana mahali pamoja tu, "kwa" na "ndiyo". Lakini katika ya kwanza kuanguka mtihani ndiko kulikozaa kutumwa nyumbani, na katika ya pili kutumwa nyumbani ndiko kulikozaa kuanguka. Mwalimu akachora mshale juu ya kila sentensi. Wa kwanza ulielekea kushoto, wa pili ukaelekea kulia. Nikahisi jasho.

Hebu tulichambue jambo hili polepole. "Kwa sababu" hutangulia sababu. Ukiisikia, jua kwamba kinachofuata ndicho kilichozaa. Neno la Kiingereza "because" limeundwa karibu vivyo hivyo: zamani lilikuwa maneno mawili, "by" na "cause", yaani "kwa" na "sababu". Ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Kwa hiyo ukitafsiri "kwa sababu" kuwa "because" hutakosea.

"Ndiyo sababu" ni jambo lingine kabisa. Hiyo "ndiyo" ni kama kidole. Inanyoosha nyuma, kwa lile lililokwisha kusemwa, na kusema: hilo, hilo hasa, ni sababu. Kwa hiyo sababu iko nyuma, na kinachofuata mbele ni tokeo. Mimi niliona neno "sababu" likinikodolea macho, nikaandika "because" bila kukitazama kidole kinaelekea wapi. Kumbe Kiingereza kwa "ndiyo sababu" kinataka "that is why". Ningeandika "I was sent home many times. That is why I dropped", mzee wa kamati angeelewa bila taabu.

Na jihadhari hapa, kwa sababu Kiingereza nacho kina mtego wake. Kuna "that is why" na kuna "that is because", na mishale yao inapingana. "My father cut his leg. That is why he limps." Jeraha kwanza, kuchechemea baadaye. Lakini: "My father limps. That is because he cut his leg." Kuchechemea kumetajwa kwanza, jeraha likaja kueleza. Kwa Kiswahili ya kwanza ni "hiyo ndiyo sababu", na ya pili ni "hiyo ni kwa sababu". Mtu akiyasema haraka haraka huwezi kutofautisha kama hujaweka sikio.

Isitoshe, "maana" nayo ina tabia ile ile. "Sikuja shuleni maana niliugua." "Niliugua, ndiyo maana sikuja shuleni." Ikisimama peke yake, "maana" hutanguliza sababu. Ikishikwa mkono na "ndiyo", hutanguliza tokeo. (Na tafadhali, tuandikapo insha, iwe "ndiyo maana" wala si "ndio maana", kwa sababu "maana" imo katika ngeli ya I-ZI. Najua mitaani ni "ndio" kwa kila kitu. Huko mtaani hakuna anayesahihisha kwa kalamu nyekundu.)

Sasa tuje kwa mguu wa baba. Nilikuwa nimejifunza kwamba "hivi kwamba" ni "so that". Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Katika Kiingereza "so that" yakiwa yamekaa bega kwa bega, mara nyingi msomaji huelewa kusudi, yaani "ili". "I took the panga so that I could cut the cane." Nilichukua panga ili nikate miwa. Kwa hiyo yule mzee aliposoma kwamba baba alikata mguu "so that he cannot work", alielewa kwamba baba alikusudia. Hata mimi nikiisoma leo naelewa hivyo.

Ukitaka tokeo, yatenganishe maneno hayo, uweke katikati yake neno la kuonyesha kiasi. "My father cut his leg so badly that he cannot work." Neno moja tu, "badly", limesimama kati ya "so" na "that", na baba amerudishiwa heshima yake. Kwa Kiswahili tungesema: alijikata vibaya hata hawezi kufanya kazi, au vibaya hivi kwamba hawezi kufanya kazi.

Lakini swali lililonisumbua ni hili: kwa nini sisi hatuchanganyikiwi katika Kiswahili? Mbona hakuna mtu ambaye angesikia "alijikata hivi kwamba hawezi kufanya kazi" akadhani ni kusudi? Mwalimu alinionyesha kwamba jibu limo katika kitenzi. Kusudi katika Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi: ili asifanye, ili akate, ili waje. Ile "e" ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba jambo bado ni la nia tu, halijatendeka. Ukisikia "hawezi", "hafanyi" au "alishindwa", unajua ni jambo lililokwisha kuwa. Kwa hiyo hata kiunganishi kikiwa kiregevu, kitenzi chetu kinalinda maana. Vitenzi vya Kiingereza havina "e" kama hiyo, kwa hivyo mzigo wote unabebwa na viunganishi na mahali vilipokaa. Waama hapa ndipo tunapoanguka wengi. Tumezoea kiunganishi ambacho kikikosea kuna kitenzi cha kukiokoa.

Naomba niongeze jambo juu ya "ka", kwa vile sisi watu wa masimulizi tunaipenda sana. "Mvua ikanyesha, mto ukafurika, daraja likavunjika, tukachelewa." Hapo hakuna kiunganishi hata kimoja cha sababu, na bado kila msikilizaji ameona sababu tatu na matokeo yake. "Ka" husema tu kwamba hili lilifuata lile. Msikilizaji ndiye anayeongeza kwamba hili lilitokana na lile. Katika hadithi ni tamu, lakini katika barua ya ofisini ni hatari, kwa kuwa kufuata si kuzaliwa.

Chukua mfano wa jirani zetu wa Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kutoa karatasi miaka ya 1970. Wazee wanasimulia: "Kiwanda kikaja, harufu ikaja, mabati yakaoza." Wakazi walilalamika miaka mingi juu ya paa zao kushika kutu upesi. Sasa mtu wa mbali akisoma sentensi ile ya "ka, ka, ka" anaweza kusema: mabati yote huoza siku moja, kiwanda kina kosa gani? Ili asiseme hivyo inabidi umwonyeshe pingu moja baada ya nyingine. Mbao huchemshwa kwa dawa zenye salfa ili zilainike. Kutokana na kuchemshwa huko hutoka gesi zenye salfa, ndiyo sababu mji ulinuka kama yai viza. Salfa inayoungua hutoa gesi ambayo ikikutana na umande au mvua huwa asidi. Asidi hula zinki iliyopakwa juu ya bati, na zinki ikiisha chuma hubaki uchi, hivyo kutu huingia. Tazama: "kutokana na", "ndiyo sababu", "hivyo". Msomaji sasa hana pa kutorokea. Kiwanda chenyewe kilisimama mwaka 2009 kwa sababu ya madeni, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wenye mali wapya. Angalia nilivyoandika hapo: kwa kusimama nimetaja sababu, kwa kuuzwa nimetumia "ka" tu. Kama ningetaka kukueleza kwa nini kiliuzwa, "ka" isingenitosha.

Na usidhani ni watu wa vijijini peke yao wanaochanganya kufuata na kuzaliwa. Neno "malaria" lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu wa Ulaya waliona kwamba anayekaa karibu na kinamasi hushikwa na homa, wakasema homa inatokana na ile hewa inayonuka. Kinamasi kilikuwepo kweli, na homa ilikuwepo kweli. Kilichokuwa cha uongo ni kiunganishi. Hadi mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross alipowaona wadudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu. Leo tunasema "kutokana na kuumwa na mbu", na tunalala ndani ya chandarua badala ya kuziba madirisha.

Wanaosoma historia wanajua ugomvi mwingine wa aina hii, tena wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1895 Waingereza na wenzao waliwashambulia Wabukusu huko Lumboka na kwenye boma la Chetambe, juu ya kile kilima kinachoutazama mji wa Webuye. Ukiandika "walishambulia kwa sababu askari wao waliotumwa kutwaa bunduki waliuawa", umesimulia kama afisa wa Kiingereza alivyosimulia. Ukiandika "kuuawa kwa askari kukawa kisingizio cha kuitwaa nchi", umehamisha sababu kutoka kwa aliyepigwa na kuiweka kwa aliyepiga. Matukio ni yale yale na mwaka ni ule ule. Sitaamua ugomvi huo katika ukurasa huu; mwalimu wa historia ana nafasi yake katika jarida lao. Nataka tu uone kwamba "kwa sababu" humtaja mwenye lawama, kwa hiyo mtu asiiandike kama anayetupa jiwe gizani.

Turudi darasani. Kuna "kwani". Katika maandishi "kwani" ni "kwa sababu": "Alilia kwani alichapwa." Lakini haipendi kutangulia. Huwezi kuanza, "Kwani alichapwa, alilia." Ukianza hivyo sisi huku tutasikia swali, tena swali la ugomvi: "Kwani alichapwa?" Kiingereza kina mwenzake, "for", ambayo nayo haianzi sentensi ya namna hii. Ukitaka kuanza na sababu, tumia "kwa kuwa", "kwa vile", "madhali" au "maadamu", na kwa Kiingereza "since" au "as". "Kwa vile barabara ya Kitale ilikuwa na matope, lori la mahindi lilikwama."

Hapa tena kuna shimo. Kiswahili hakioni ubaya kuweka alama pande zote mbili. "Kwa kuwa mmefika, basi tuanze." "Kwa sababu mvua ilinyesha, kwa hivyo hatukucheza." Sababu ina alama yake, tokeo lina alama yake, na sentensi inasimama imara kama meza. Kiingereza hukataa. "Because it rained, so we did not play" ni kosa. Chagua moja: ama "because" mwanzoni, ama "so" katikati. Nilifarijika niliposikia kwamba hata Wachina wanaojifunza Kiingereza huanguka shimo hilo hilo, kwa kuwa lugha yao nayo hutumia viunganishi viwili, kimoja kila upande. Basi hatuko peke yetu.

Juu ya "because" na "because of" sitakawia, kwa kuwa ni kama "kwa sababu" na "kwa sababu ya". Ukiwa na nomino, weka "ya": kwa sababu ya mvua, "because of the rain". Ukiwa na sentensi nzima, toa "ya": kwa sababu mvua ilinyesha, "because it rained". Ajabu ni kwamba hakuna mwanafunzi wa hapa ambaye angesema "kwa sababu ya mvua ilinyesha", lakini "because of it rained" naiona kwenye madaftari kila juma.

Lazima pia niseme juu ya lugha yetu ya mapumziko, hata kama mwalimu mlezi atakunja uso. Siku hizi mtu hasemi "sikuja kwa sababu nilikuwa mgonjwa". Anasema, "Sikuja juu nilikuwa mgonjwa." Hiyo "juu" imetoka katika "juu ya", na ukisikiliza vizuri inafanya kazi ya "kwa sababu" bila kukosa: haiendi upande mwingine, haigeuzi mshale. Mimi siidharau. Ila ukiizoea sana, siku ya mtihani wa insha itakuja yenyewe kalamuni kabla hujaiita. Kisha kuna "so" tuliyoikopa. "So nikaenda. So nikamkuta. So nikamwambia." Sikiliza: hakuna hata "so" moja hapo inayoonyesha tokeo. Imekuwa kama kukohoa kabla ya kusema. Ndiyo maana tunapoandika Kiingereza kila sentensi inaanza na "So", na msomaji anatafuta sababu iliyoizaa haioni.

Jambo la mwisho ni la kufurahisha. Babu zetu walijua kufunga sababu na tokeo bila kiunganishi chochote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tafuta "kwa sababu" humo, huipati. Sababu imefichwa ndani ya "asiye", ndani ya "m" ya mchelea, ndani ya "usipo". Tokeo limefichwa ndani ya "hu" na "uta". Jaribu kuzitia Kiingereza uone ni maneno mangapi utahitaji. Nilijaribu hiyo ya ufa na nikamaliza mstari mzima.

Sasa mtauliza fomu iliishia wapi. Mwaka uliofuata nafasi za basari zilitangazwa tena. Safari hii niliandika kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi ya kando. Chini ya kila sababu nikapiga mstari mmoja, na chini ya kila tokeo mistari miwili, halafu nikachora mishale kama mwalimu alivyofanya. Ndipo nikaandika Kiingereza: "My father, who is a cane cutter, cut his leg so badly that he could not work for many months. As a result, my mother could not pay my fees and I was sent home three times. That is why I dropped from number 4 to number 31." Mwalimu wa Kiingereza, ambaye wakati huu sikumwonea haya, alibadilisha kituo kimoja tu.

Tulipata shilingi 8,000. Hazikutosha karo yote, lakini muhula ule sikutumwa nyumbani.

Kabla sijaipeleka fomu, baba aliniita. "Hebu nisomee. Safari hii umeandika niko vipi?" Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, kuanzia kwa panga hadi nafasi ya 31. Alisikiliza huku akiusugua mguu. Kisha akasema: "Sawa. Lakini ongeza kwamba siku hizi naweza kupalilia."

Nikamwambia mistari ni sita tu, na yote imejaa.

"Basi andika pembeni," akasema.